Batobato na michirizi kahawia: mbegu ya mihogo uichague kwa kumhofia adui yupi?

Mvua zikikaribia, mtu anayetafuta pingili za mihogo huuliza swali moja tu: "Mbegu hii inahimili ugonjwa?" Muuzaji anaitikia, mzigo unafungwa kwenye pikipiki, biashara imekwisha. Lakini magonjwa ya virusi yanayomaliza mihogo huku kwetu ni mawili, batobato na michirizi kahawia, na ndiyo ya ugonjwa mmoja si ndiyo ya mwingine. Mbegu inayokaa kijani kibichi mahali ambapo batobato imekunja majani ya shamba zima inaweza kukuletea mizizi iliyooza kwa michirizi. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mkulima wa ekari moja hadi kumi, na kwa anayetaka kuzalisha mbegu za kuuza, ili ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha.

Naanza na virusi vyenyewe, maana uamuzi wote unatoka huko. Jinsi kirusi kinavyojigeuza ndiyo inayoamua kama mbegu nzuri ya leo itakuwa bado nzuri baada ya misimu kumi.

Mgeni ni muhogo

Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Kule ulikotoka hakuna batobato kama hii yetu, wala hakuna michirizi kahawia. Maana yake ni kwamba virusi hivi vilikuwa hapa kabla, kwenye mimea ya porini, na muhogo ulipofika vikahamia. Mgeni aliingia nyumba yenye wenyeji wengi.

Maandishi ya kwanza kabisa ya batobato yanatoka eneo ambalo leo ni Tanzania, mwaka 1894, enzi za Wajerumani, na aliyeyaandika ni Warburg, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani. Michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara. Mwaka 2005 mtafiti wa Tanzania, Joseph Ndunguru, na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya virusi vya batobato nchini Tanzania, wakaonyesha kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha utofauti wa virusi hivyo. Jambo hili naliona zito kwa mkulima kuliko linavyosemwa kwa kawaida. Mbegu iliyopimwa mahali penye virusi vya aina mbili ikafaulu, ikiletwa huku itakutana na ukoo mzima. Sifa iliyopatikana mbali si dhamana hapa mpaka mbegu ijaribiwe hapa.

Batobato: adui anayebadilishana mavazi

Batobato unaiona mapema. Majani machanga yanatoka na madoa ya njano na kijani, yamejikunja, yamepungua ukubwa, na mmea uliopandwa kwa pingili yenye ugonjwa huonyesha dalili tangu machipukizi ya kwanza. Kwa anayechagua mbegu hiyo ni heri: ugonjwa unaojitangaza unaweza kung'olewa.

Chanzo chake si kirusi kimoja. Barani Afrika wataalamu wametambua spishi tisa, nyingine zikibeba majina ya mahali zilipokutwa: Kenya, Malawi, Zanzibar, Kameruni, Madagaska. Mbili ndizo utakazozikuta zaidi kwenye karatasi za maabara: ACMV, yaani kirusi cha batobato cha Afrika, na EACMV, cha Afrika Mashariki. Vyote vina DNA iliyogawanyika katika vipande viwili vya duara, A na B, kila kipande kikiwa na herufi za vinasaba kama 2,700 hadi 2,800. Ni kidogo mno ukilinganisha na mmea wenyewe.

Hatari ya virusi hivi iko kwenye kubadilishana. Mmea mmoja ukiambukizwa na viwili kwa pamoja, kimoja kinaweza kuchukua kipande B cha mwenzake, au kumega sehemu ya kipande A na kuishona kwenye chake. Ndivyo ilivyotokea Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilianza kuenea kusini kutoka maeneo ya kati ya nchi hiyo. Mwaka 1997 watafiti wakaeleza walichokikuta: EACMV iliyokuwa imebeba katikati ya geni ya ganda lake kipande kilichotoka kwa ACMV. Kirusi hiki cha mchanganyiko kikapewa jina la Uganda. Tena mara nyingi kilikutwa ndani ya mmea mmoja pamoja na ACMV, na wawili hao wakiwa pamoja huumiza kuliko kila mmoja peke yake, kwa sababu kila kimoja kina njia yake ya kunyamazisha ulinzi wa mmea. Mmea ukizuia mlango mmoja, mwenzake anaingilia wa pili.

Ebwanateraka, mbegu iliyopendwa sana mashariki mwa Uganda, ilifutika mashambani. Watu walikufa njaa. Ugonjwa ukavuka mpaka, ukafika magharibi mwa Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukawa Kagera. Ukaenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mbegu ya wazee iliyokuwa imekaa na batobato ya zamani kwa miaka mingi bila shida kubwa haikuwa na la kufanya mbele ya mchanganyiko mpya.

Jambo moja lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Mtu angetarajia kirusi cha DNA kiwe mtulivu, kwa kuwa virusi vya RNA, yaani vyenye vinasaba vya aina nyingine, ndivyo vinavyosifika kwa kukosea wakati wa kujinakili. Uchunguzi wa EACMV umeonyesha kwamba kasi yake ya kubadilika herufi inalingana na ya virusi vya RNA. Kwa hiyo batobato inajigeuza kwa njia mbili: kukosea herufi moja moja, na kubadilishana vipande vizima.

Michirizi: adui anayekaa kimya

Michirizi kahawia inatokana na virusi vya ukoo mwingine kabisa. Hivi ni vya RNA, uzi mmoja wenye herufi karibu 9,000. Kwa miaka mingi vilidhaniwa kuwa kirusi kimoja. Kati ya mwaka 2009 na 2010 ikathibitika kwamba ni spishi mbili: CBSV, na UCBSV iliyopewa jina la Uganda. Ukizipanga bega kwa bega, herufi zinazolingana ni kama 70 tu katika kila 100. Ni ndugu, lakini si mapacha.

Tofauti hiyo inafika hadi shambani. CBSV ndiyo kali: njano inayofuata mishipa ya majani kama manyoya, michirizi ya kahawia kwenye shina bichi, na mizizi inayooza sana. UCBSV huwa pole zaidi, mara nyingi mabaka ya njano tu, na pingili za mmea wenye UCBSV zina nafasi kubwa zaidi ya kutoa mmea usio na kirusi kuliko pingili za mmea wenye CBSV. Uchunguzi wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya kirusi, uliochapishwa mwaka 2016, Titus Alicai wa Uganda akiwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha pia kwamba CBSV inabadilika haraka kuliko UCBSV. Aliye mkali ndiye mwepesi wa kugeuka. Na kuna dalili kwamba ndani ya spishi hizi mbili zinachipuka nyingine.

Ubaya wa michirizi ni kujificha. Dalili za majani hukaa kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, ambayo mtu huyadhania kuwa yamezeeka tu. Mwenyewe niliwahi kununua pingili za ekari mbili kwa muuzaji niliyemwamini. Shamba lilipendeza, watu walikuwa wakisimama njiani kulitazama. Mwezi wa tisa nikang'oa shina la kwanza: mizizi minene, maganda safi. Nilipokata kwa panga nikakuta ndani kumejaa mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Shina la pili vilevile. Tulichambua vipande vyeupe tukatengeneza makopa, vingine vikatupwa. Muuzaji hakunidanganya. Nilimuuliza kuhusu ugonjwa, naye akanijibu kuhusu batobato, na kwa batobato alisema kweli.

Zamani michirizi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa kingo za Ziwa Nyasa, maeneo ya chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia mwaka 2004 ikaonekana Uganda kwenye miinuko ya juu ya hapo, na sasa Kanda ya Ziwa inaijua vizuri. Hata dhana ya kwamba CBSV ni ya pwani na UCBSV ni ya bara haikudumu, kwani sampuli zilipoongezeka zote mbili zikakutwa pande zote. Usichague mbegu kwa ramani ya zamani.

Wanavyosafiri

Inzi weupe wanabeba virusi vyote hivi, lakini si kwa namna moja. Kirusi cha batobato kinaingia mwilini mwa inzi na kukaa humo siku kadhaa, akiruka nacho mbali. Cha michirizi hukishika kwa muda mfupi, siku mbili hivi, na majaribio ya shambani yamekionyesha kikienea umbali usiofika hata mita 20. Kwa hiyo michirizi ikitokea wilaya ambayo haikuwa nayo, usimlaumu inzi. Iliingia kwa gari, ndani ya pingili.

Hapo ndipo chaguo linapoanza kutofautiana. Kwa michirizi, pingili safi na kujitenga hata kidogo na shamba la jirani vinakupa kinga ya kweli, angalau kwa misimu michache. Kwa batobato, katika eneo lenye inzi wengi, pingili safi ya mbegu dhaifu itaambukizwa hata ukijitenga. Huko unahitaji ukinzani ulio ndani ya mbegu yenyewe.

Kilichoipata Uganda mara ya pili

Baada ya janga la batobato, Uganda ilisambaza mbegu zinazoikinza. Mojawapo, TME 204, ilipendwa mno: inazaa, tamu, haiguswi na batobato. Michirizi ilipoibuka mwaka 2004 na kuendelea, TME 204 ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mbegu moja yenye kinga moja ilikuwa imeenea eneo kubwa, na adui wa pili akakuta meza imeandaliwa. Sisemi hivyo kuwalaumu waliosambaza. Walikuwa wakizima moto wa njaa, na waliuzima. Ila nikisikia mtu anasifia mbegu kwa neno moja tu, "haipati batobato", nakumbuka TME 204.

Aina tatu za kinga

Mbegu nyingi zenye sifa ya kukinza batobato zinategemea geni moja iitwayo CMD2, iliyogunduliwa kwenye mbegu za asili za Afrika Magharibi. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba mabadiliko yenyewe yako kwenye geni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea. Ukilifikiria, linaeleweka: kirusi cha batobato hakina kimeng'enya chake cha kazi hiyo, kinaazima cha mmea. Ndiyo maana kinga hii inafanya kazi dhidi ya spishi nyingi za batobato kwa pamoja. Na ndiyo maana haina neno na michirizi, ambayo ni RNA na inajinakili kwa kimeng'enya chake yenyewe. Hofu yangu ni moja tu: mguu mmoja ukiteleza, hakuna wa pili.

Kinga ya pili ina historia ya hapahapa. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa zake, ukiwemo mti wa mpira wa Ceará, uleule ambao majani yake watu wa pwani wanayapika wakayaita kisamvu cha mpira. Kutoka kazi hiyo ikapatikana mbegu ambayo kusini mwa Tanzania inaitwa Namikonga na pwani ya Kenya inaitwa Kaleso. Majina mawili, mmea mmoja. Namikonga ni kati ya mbegu zinazoikinza michirizi vizuri kuliko nyingi, na kinga yake haitokani na geni moja. Watafiti wa mbegu wa Tanzania wameichanganya na zenye CMD2 ili kupata kinga zote mbili ndani ya mmea mmoja. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Ya tatu ni uvumilivu, na mfano wake ni Kiroba. Kiroba hupata michirizi, majani yanaonyesha, lakini mizizi huoza kidogo. Anayelima kwa chakula chake na kuvuna mapema atakula vizuri. Ila uvumilivu si ukinzani. Mmea mvumilivu ni ghala la virusi, na ndani ya ghala hilo virusi vinaendelea kujinakili na kugeuka mwaka baada ya mwaka, huku shamba la jirani mwenye mbegu dhaifu likilipa gharama. Kiroba panda ule. Usigawe pingili zake kama hazijapimwa.

Kenya imefungua njia ya nne. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibiolojia iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba dhidi ya michirizi, uendelee na majaribio ya kitaifa. Muhogo huo umewekewa vipande vya geni za ganda za CBSV na UCBSV, ili mmea utambue RNA ya kirusi na kuikatakata. Kinga hii inafanya kazi kwa kulinganisha herufi, kwa hiyo utofauti wa vinasaba unaigusa moja kwa moja: kadiri kirusi cha shambani kinavyoachana na kile kilichotumika kuitengeneza, ndivyo inavyopaswa kufuatiliwa kwa karibu. Kwa mkulima wa Tanzania hilo bado si chaguo la sokoni.

Kupima: jicho, PCR, au kusoma herufi zote

Kwa batobato jicho lililozoea linatosha kwa kiasi kikubwa. Kwa michirizi halitoshi. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ndiyo inayofaa anayezalisha mbegu, na sampuli yake ichukuliwe mahali sahihi: majani machanga kwa batobato, majani ya chini yaliyokomaa kwa michirizi. Ukipeleka majani ya juu tu, unaweza kurudishiwa jibu safi la mmea mgonjwa. Tena hakikisha maabara inapima CBSV na UCBSV zote mbili. Kipimo cha PCR hutafuta herufi zilizojulikana tayari, na kirusi kilichobadilika mahali hapo kinaweza kupita bila kuonekana.

Kusoma jenomu nzima hakuna upofu huo. Ndunguru, Alicai na Laura Boykin pamoja na wenzao walikwenda na kifaa kidogo cha kusomea vinasaba hadi mashambani Tanzania, Kenya na Uganda, wakafanya kazi hiyo chini ya mti na kupata jibu ndani ya saa chache. Ni jambo kubwa. Lakini hiyo ni kazi ya taasisi, na mkulima mmojammoja asijitwishe gharama hiyo; adai tu kwamba ifanyike mara kwa mara kwenye kanda yake.

Basi uchague nini

Kama uko Kanda ya Ziwa au mahali popote penye inzi weupe wengi, usishuke chini ya mbegu yenye ukinzani wa batobato, kisha kati ya hizo uchague iliyojaribiwa pia kwa michirizi. Upande wa Uganda, NASE 14 na NAROCASS 1 zinastahimili michirizi kuliko TME 204. Kwa pwani na kusini ningeanza na michirizi: uliza vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) vya Kibaha au Naliendele kuhusu Mkuranga 1, Kipusa, Chereko au TARICASS 4, na uombe kuona mizizi iliyokatwa, siyo majani. Muuzaji asiyekubali kung'oa shina moja mbele yako, mwache.

Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja inahitaji pingili 4,000, na shina moja hutoa kama kumi tu. Ndiyo maana watu huokoteza kila mahali, na ndiyo maana ninashauri ununue robo ekari ya mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, uizidishe mwenyewe pembeni, mbali na mihogo ya zamani, ukipita kila wiki kung'oa mmea wowote unaoutilia shaka. Utachelewa msimu mmoja, lakini ekari nzima utakayoipanda baadaye utajua ilikotoka.

Anayelima kwa biashara na kuvuna yote kwa mara moja ana nafuu: mbegu inayokomaa mapema huvunwa kabla uozo wa michirizi haujatambaa. Ninayemfikiria zaidi ni mama wa pwani anayeacha mihogo ardhini mwaka mmoja na nusu, miwili, akichimba mashina matatu leo na mawili wiki ijayo, shamba likiwa ndiyo ghala lake. Kwake uvumilivu wa Kiroba una ukomo, maana uozo huongezeka kadiri muhogo unavyokaa. Yeye atafute mbegu yenye damu ya Namikonga, hata kama inazaa pungufu kidogo, na kila anapochimba ajitengee pingili kutoka kwa shina ambalo mizizi yake ameikata akaikuta nyeupe yote.